Jumamosi Niliyompa Mtu Mwingine

Bukura, Kakamega

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limeacha kukusumbua na kabichi za mtaro wa chini zimepona wadudu. Mama naye hajambo? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii, na sababu unaijua.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu imetushinda. Kila nikitaja harusi, unaniuliza kama mvua imenyesha. Baba, huku mvua inanyesha karibu kila alasiri, hiyo si habari. Wazee wa mchumba wangu Makokha walikuja huko Wundanyi tangu Pasaka, mkakubaliana mambo ya ng'ombe wa mahari, mkala, mkacheka, ukawasindikiza mpaka barabarani. Kilichobaki ni tarehe tu. Ukawaambia, "Tutawajulisha." Mpaka leo hujamjulisha mtu.

Hujui harusi za siku hizi zinavyomkimbiza mtu. Desemba watu wote wa Nairobi na wa ng'ambo wanarudi nyumbani, na kila Jumamosi inakuwa na harusi mbili tatu. Mpiga picha aliniambia wenzangu walimbuki, wakaweka siku zao kwake tangu mwaka jana. Mpishi akasema mpiga picha anaweza kungoja, ila yeye lazima ajue mapema kwa sababu fahali hatafutwi asubuhi akachinjwa mchana. Kiongozi wa kwaya naye hataki kusikia jina langu mpaka padri awe ametangaza, na padri hatangazi bila siku. Sasa mtu aanze na nani? Nikimaliza kuwafundisha wanafunzi wangu mambo ya kuku hapa chuoni, napanda pikipiki hadi mjini kuuliza, narudi, nafika mlangoni nakumbuka sikuuliza habari ya keki, nageuza pikipiki. Mwenye pikipiki siku hizi ananiita bibi harusi, na hata hajaniuliza ni wa nani.

Wa mahema na viti ni mama mmoja anaitwa Mama Ayuma. Ana daftari kubwa na penseli imechomekwa kwenye kilemba. Mara ya kwanza nilimwomba aniandike kwa kalamu, akanitazama kama mtoto.

"Mwalimu, mimi naandikanga na penseli. Mtu akikufa hapa, mahema inaenda kwa matanga kwanza. Halusi inaweza kungoja. Maiti hangojangi."

Nilikasirika. Nilifikiri ni ujanja wa biashara tu.

Sasa Baba, kaa vizuri nikuungamie. Mwezi wa nane nilichoka kungoja. Nikachagua mwenyewe Jumamosi ya pili ya Desemba. Nikabuki mahema, mpishi, mpiga picha na keki, nikapeleka jina kwa padri, na wote niliwaambia kwamba wewe umekubali. Hata Makokha nilimdanganya, na alifurahi mpaka nikaona haya. Mpango wangu ulikuwa nikuambie mwishoni mwa Novemba, wakati hakuna kinachoweza kurudishwa nyuma, uje tu hata kama umenuna. Nilijiambia ukiona watu wamependeza utanisamehe. Hayo ndiyo niliyoyafanya, na sikuyafanya kwa kukosa adabu peke yake. Niliogopa ukiachiwa nafasi utasema hapana.

Najua ni kwa sababu ya Shangazi Mkamburi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyorudi kutoka huko mbali alikoolewa. Alipofariki walimzika kesho yake bila kukungoja, ukafika ukakuta udongo mbichi na watu wameshatawanyika. Ulikaa siku ngapi bila kusema? Halafu ukasema binti zako wataolewa mahali ambapo unaweza kufika kwa miguu. Mimi nikaja kazi Kakamega, nikampata mtu Kakamega. Haraka haraka haina baraka, utasema, lakini moyo hauombi ruhusa.

Wiki tatu zilizopita kulikuwa na msiba Musanda, kwa watu wa miwa walio jamaa za kina Makokha. Aliyefariki ni mama mmoja aliyeolewa huko kutoka Ukambani. Mama yake Makokha aliniambia twende tukasaidie jikoni, nikaenda. Mazishi yalikuwa yafanyike Alhamisi. Tumepika tangu alfajiri, miguu inaniwaka moto, nikaona safu nzima ya viti vitupu mbele kabisa, chini ya hema kubwa. Nikaenda nikakaa, nikavua viatu.

Baba, watu wote waligeuka wakanitazama. Mama yake Makokha alikuja mbio akanishika mkono.

"Mwanangu, toka hapo! Hiyo ni viti ya watu ya mama. Ya ndugu zake."

"Wako wapi?" nikauliza.

"Gari imewaharibikia njiani. Tunawangoja. Hatuzikangi mtu bila watu yake. Hata mwezi, tutangoja."

Na waliwangoja kweli. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Wanaume wakaenda kwenye mashamba ya miwa wakarudi, wageni wa mbali wakalala sakafuni, sufuria zikaoshwa na kupakuliwa upya, na hakuna aliyegusa vile viti, hata watoto. Jumamosi baada ya saa tisa kaka zake wakafika, wazee wawili wamejaa vumbi. Mkubwa wao alipofika penye jeneza alisema maneno ya Kikamba ambayo sikuyaelewa, na uwanja mzima ukamngoja amalize. Ndipo wakazika.

Nililia, Baba, na yule mama sikumjua. Nilikulilia wewe. Nilikuwa nimebuki kila kitu nikasahau kukubuki wewe, mtu ambaye kiti chake ndicho kinachotangulia.

Sasa sikia yaliyofuata. Yale mahema ya Musanda yalikuwa ya Mama Ayuma, na Jumamosi hiyo hiyo yalikuwa yaende kwa harusi ya msichana mmoja wa hapa Bukura, Nafula, mhudumu wa duka la dawa. Kwa kuwa iliandikwa kwa ile penseli, harusi ikafutwa. Jumatatu nilimkuta kwa Mama Ayuma analia. Baba yake alikuwa ameshasafiri kutoka Lugari, amelala siku mbili kwa watu, amerudi na suti yake mkononi. Mama Ayuma alikuwa anapekua daftari, Desemba yote imejaa, na kidole chake kikasimama kwenye jina langu.

Nikasema, "Mpe hiyo yangu."

"Mwalimu, umelogwa? Si baba yako alikubali?"

"Hakukubali. Nilidanganya."

Nafula alinyamaza kulia akanitazama. Mama Ayuma alichukua kifutio, akafuta Wakesho, akaandika Nafula. Nikatoka nikaenda kwa padri nikamwambia ukweli, akanikaripia vizuri, naye akampa Nafula ile saa yangu. Mpishi akakubali, mpiga picha akakubali. Yaani mambo niliyoyapanga miezi mitatu yalihama kwa siku moja, yote na keki.

Makokha alinikasirikia. Alikaa siku mbili hapigi simu, na nilizistahili. Siku ya tatu alikuja, akasema, "Sasa halusi ni lini?" Nikamwambia sijui. Akacheka, lakini si kicheko cha raha. Najua ndugu zake wanamwambia kwamba huyo msichana wa mbali anamchezea. Hili linaniuma, kwa sababu nampenda, Baba, na sina njia nyingine ya kulisema. Ukisema hapana sijui nitafanya nini. Sitakudanganya tena kwa kusema nitatii.

Ila nimekoma kukimbizana na Jumamosi. Sitabuki hata kijiko mpaka nisikie kutoka kwako. Ukisema Januari, ni Januari. Ukisema siku ya katikati ya wiki, wapishi hawana kazi siku hizo. Lakini sema. Huku kunyamaza ndiko kunakonimaliza, nahesabu kila Jumamosi inayopita kama mtu aliyepitwa na basi.

Mpe Mama pole kwa kikohozi, umwambie dawa nimeiweka kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Kaka Mwadime namshukuru kwa kwenda stendi ya Voi kukipokea, na asifungue yale majani ya chai, ni ya Nyanya. Mghoi, kitinda mimba wetu, asome kwa bidii, na akusomee hii polepole bila kuongeza maneno yake.

Mama yake Makokha nilimwambia nakuandikia barua. Nikamuuliza nikupe salamu gani. Nilidhani atasema habari ya harusi, kwa maana ameshashona nguo. Aliacha kuchambua mboga, akafikiri, akasema hivi, nami naandika kama alivyosema:

"Mwambie akuje tu, asilete kitu, hata kama halusi haiko. Akuje aone mahali mtoto yake anaishi, na sisi tumuone uso. Siku moja tutampigia simu akuje akae kwa ile viti ya mbele. Lazima akuwe anajua njia."

Baba, njoo ujue njia.

Ni mimi mwanao anayekungoja,
Wakesho