Paa la Matete

Mdogo wangu Zuhura,

Hamjambo nyote Makunduchi? Mimi mzima, ila baridi ya London haina huruma. Jana nesi mwenzangu alinipeleka kijijini kwao, nchi ya majimaji, tambarare kama mkeka. Nikakuta nyumba yao imeezekwa matete. Nikamwonea huruma mama yake, nikamwambia, "Mungu atakujaalia upate bati."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Nyumba hii ina miaka mia tatu," akasema. "Serikali imepiga marufuku kuiezeka bati."

Akanipandisha darini. Fito na kamba, zimefungwa vilevile alivyokuwa akifunga Babu.

Nibusie mikono ya Bibi. Bati nililoahidi la kuezekea nyumba yetu nitalileta, mliezekee banda la kuku. Paa la Babu msiliguse.

Dada yako,
Mwanaidi