Nilikuwa Kwenye Mahindi

Malava
24 Machi 2024

Baba Awinja,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, ila goti langu siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Wewe na mashine yako ya kusaga mnaendeleaje huko Malinya? Unakula? Shemeji yangu Sylvanus, anayekuletea barua hii, anasema umekonda. Asiniletee tena habari kama hiyo.

Ningekupigia simu, lakini sauti ya mkwe sikioni naionea haya. Kwenye karatasi najikaza.

Mvua imeanza. Juzi kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu cha nyuma ya choo, mwanao akasimama katikati yao mikono juu, mabawa yamemjaa kwenye nywele. Akaniuliza kama mama yake anawaona kutoka huko aliko. Nikamwambia anawaona. Ningemjibu nini kingine? Ni miezi michache tu tangu tumzike Navalayo, na mimi bado namsikia binti yangu akifagia uwanja alfajiri. Nikitoka nje, nakuta majani ni yale yale ya jana.

Mrenda aliopanda umejiotea wenyewe, hadi njiani. Siung'oi. Tunapita kando.

Mtoto yuko salama mpaka utakapokuwa tayari kumchukua. Tulikubaliana hivyo kwenye mazishi, na sijasahau.

Mama mkwe wako.


Malinya
16 Juni 2024

Kwako Mama, kwa heshima,

Natumaini goti limepoa na Awinja hakusumbui sana. Mimi ni mzima. Mwambie Sylvanus kwamba nakula.

Huku mvua inakuja kila siku baada ya chakula cha mchana, watu wanakimbilia kwangu na magunia yao, tunakaa wote katika harufu ya unga mpaka mvua ipite. Nimelima kipande cha nyuma ya nyumba. Maboga yamepanda hadi juu ya paa la jikoni na majirani wananicheka, wanasema nafuga paa. Nikichuma majani yake bado nachuma ya watu watatu. Nikishagundua, siwezi kuyarudisha.

Nimemtengenezea Awinja kitanda. Sitaki kukuharakisha, Mama, lakini mwaka usiishe kabla hajakilalia. Nyumba hii inanishinda peke yangu. Nitatokea siku moja mashine ikipumzika.

Mkweo, Bramwel.


Malava
3 Novemba 2024

Baba Awinja,

Habari ya siku nyingi? Sisi tu wazima. Mahindi yamekauka vizuri, tumeshayapukuchua. Awinja ameota jino la nyuma na anaringa nalo kijiji kizima.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Ulikuja hapa Agosti, ukaondoka, na tangu hapo kimya. Barua mbili nimekutumia, Sylvanus anarudi mikono mitupu, anasema eti una kazi nyingi. Kama ni chai uliyoikosa siku ile, sema. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kununa kwa sababu ya kikombe cha chai.

Mama mkwe wako.


Malinya
10 Novemba 2024

Mama,

Nakusalimu kwa heshima ile ile. Sikuja kunywa chai.

Nilikuja kumchukua mwanangu. Nilikuta moto unawaka, sufuria inachemka, kiatu kimoja cha Awinja mlangoni, na watu hakuna. Nilipiga hodi, nikaita, nikakaa kwenye kigoda hadi maji yakakaukia jikoni. Nikaitoa sufuria motoni, nikaondoka. Mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. Nilielewa kwamba umemkimbiza asinione.

Chumba chake nimekifunga. Maboga nimeyaacha yaoze. Kama umeamua abaki kwako, sitaita wazee, maana umeshapoteza mtoto mmoja na najua ulivyo. Lakini useme wewe mwenyewe.

Bramwel.


Malava
13 Novemba 2024

Baba Awinja,

Nimemwambia Sylvanus asile hata chakula, alete hii moja kwa moja.

Ni kweli nilikimbia. Nilikukimbia wewe! Ulipopiga hodi nilikuwa na kanga moja kifuani, unga hadi kwenye viwiko. Mama mkwe gani husimama hivyo mbele ya mkwe? Hata nikiwa nimevaa vizuri, kwetu hatutazamani usoni, unajua. Nikaingia kwenye mahindi, Awinja yuko mgongoni amelala. Niliona viatu vyako kati ya mabua. Nikawa nangoja Sylvanus atoke kwake aje akupokee kama kawaida, kumbe alikuwa Lugari matangani. Nilidhani umekuja kutusalimu tu. Ulipoitoa sufuria motoni nikasema moyoni, kijana huyu binti yangu alichagua vizuri.

Navalayo angetucheka mpaka akae chini. Mimi sicheki. Umekaa miezi mitatu ukidhani nimekuibia mtoto.

Njoo Desemba. Sitakimbia.

Mama mkwe wako.


Malava
12 Januari 2025

Bramwel,

Hamjambo nyote wawili? Ameanza chekechea? Analala bila kulia?

Ulipoingia langoni siku ile miguu yangu ilitaka kwenda shambani yenyewe. Nikashika benchi. Ukasema, "Mama, nimekuja." Nami nikainua macho, kwa mara ya kwanza tangu umwoe mwanangu, nikakujibu, "Nimekuona, baba." Sikujua kwamba una kovu kwenye nyusi. Sikujua kwamba Awinja amechukua macho yako; mwaka mzima nilidhani ni ya marehemu mzee wangu.

Sasa ni kiangazi. Vumbi limelala juu ya majani ya migomba, na mchana ni mrefu kiasi kwamba nasinzia na kuamka jua likiwa pale pale. Naona kumbikumbi, naona mahindi yakichanua, naona mtoto akipita kando ya mrenda. Kisha naita, na haji mtu. Sikufichi, nimelia. Lakini amekwenda kwa baba yake, na ndivyo inavyopaswa.

Majirani wananong'ona kwamba nimeshikana mkono na mkwe. Waache wachoke.

Shule zikifungwa Aprili, mlete. Usimtume na Sylvanus. Mlete mwenyewe, uingie ndani, tule obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, meza moja.

Mama yako,
Nasambu.