Goti la Mpwa Wako

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la dobi
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Asalaam aleikum. Mgongo umetulia? Na wifi, bado anakuficha sukari? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, ila macho yananisumbua kwa kushona nguo nyeusi kiwandani kutwa nzima.

Uliniuliza kama mpwa wako bado anashika dini, ukasema umeshamtafutia nafasi ya shule huko nyumbani. Sitakuficha: mwezi uliopita nilibakiza kidogo tu nimfungie mizigo.

Kila Jumatano alikuwa anachelewa, akidai ana masomo ya ziada ya hisabati. Siku moja nikakuta mkobani mwake jezi ya mpira wa wavu, isiyo na mikono, namba nane mgongoni. Nilipandwa na hasira. Nikajua anavua hijabu huko, kisha anajifunga tena akikaribia mlango wangu.

Lakini fundi haachi kukagua nguo. Mikunjo ya dukani ilikuwa bado imekaa, na lebo imeshikizwa kwa pini vilevile. Jezi haijawahi kuonja jasho.

Nilipomuuliza, alilia. Muhula mzima amekaa benchi akiwapigia wenzake makofi, kwa kuwa hakutaka kucheza mikono wazi.

"Mwalimu nilimwambia goti linaniuma, wewe nikakwambia hisabati," akasema. "Nimechoka kudanganya huku na huku, mama."

Niliona haya, kaka. Mtoto ameshika dini kuliko nilivyodhani, na ameishika peke yake, huku akiniogopa mimi mamake.

Nikaitia jezi mikono mirefu ya rangi ileile, nikamshonea na suruali, tukaenda pamoja kwa mwalimu wa michezo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Mwalimu akaigeuzageuza jezi, akasema haina tatizo, ila hakuna aliyewahi kumwomba. Nikabaki na hotuba yangu mdomoni.

Jumatano iliyofuata akacheza, kichwa kimefunikwa vizuri. Walifungwa vibaya sana. Akarudi anachechemea, suruali imechanika, meno yote nje.

"Mama, leo goti linaniuma kweli."

Kwa hiyo ile nafasi ya shule, kaka, mpe mtoto mwingine. Huyu bado namtaka hapa, na suruali nimeshaitia kiraka.

Nisalimie wifi, shangazi na yule binamu yetu fundi saa asiyejua saa. Mola awafunike kwa rehema zake mpaka tuonane.

Dada yako akupendaye,
Mama Namba Nane