Pacha Aliyebaki Kaisho

Bukoba, 3 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umepungua kuuma. Mimi ni mzima wa mwili tu. Boti ya marehemu baba imekufa. Magugu maji yaliziba mdomo wa kunyonyea maji, injini ikachemka tukiwa katikati ya ziwa, silinda hedi, kile kifuniko cha chuma juu ya injini, ikapasuka. Nikavutwa hadi ufukweni kama ng'ombe wa mnadani. Fundi amechomelea ufa mara mbili na mara zote mbili umefunguka. Madukani wananicheka, eti injini hiyo ni ya makumbusho.

Nimekumbuka baba alinunua injini mbili siku moja. Moja akaifunga kwenye boti, na pacha wake akakufungia wewe kwenye mashine ya kusaga. Mama, umeme umeshafika Kaisho na mashine mpya iko senta. Naomba hedi ya kwako. Bila hiyo sina tena kazi ya kupeleka ndizi visiwani, na kazi nyingine siijui.

Mwanao,
Methodius

Kaisho, 20 Februari 2024

Mwanangu Methodius,

Marahaba. Mgongo upo, haujahama. Hayo magugu tunayaona huku yakishuka na mto Kagera, sikujua yanakuja kukutafuta wewe.

Hedi sitoi. Ni kweli ile mashine ya senta inasaga debe kabla hujakaa chini. Ndiyo maana wanaokuja kwangu ni wale wasio na haraka. Jumamosi nikizungusha hendeli ikaanza kulia, Vero anaisikia kule ng'ambo ya bonde na kujitwika muhogo wake. Kemigisha anakuja, na mzee Sebahire anakuja hata kama hana cha kusaga. Tunatafuna kahawa, tunasengenya kidogo, unga unatoka. Tangu baba yako aondoke, hiyo ndiyo siku yangu ya kuongea. Siku nyingine naongea na kuku. Usinikasirikie.

Mama yako

Bukoba, 28 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Sijakasirika, nilikosa la kuandika. Boti iko nchi kavu tangu siku ile. Mbao zinakauka na kuachana, kalafati ya kuziba mianya inadondoka, na nikiingia ndani naona mwanga wa nje kwenye maungio. Boti ya mbao ikikaa sana juani inakuwa kuni.

Siombi chochote. Nakusalimia tu. Wewe ni mzima?

Mwanao,
Methodius

Kaisho, 11 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mtu anayesema haombi chochote ndiye anayeomba kuliko wote, na hilo umerithi kwa baba yako. Hedi hiyo, anakuletea Evaristi, utingo wa lori la kahawa. Nimeifungua mwenyewe kwa spana za marehemu. Nati ya mwisho ilinitoa jasho, halafu machozi.

Weka gasketi mpya. Nati zikaze kwa kuruka, hii kisha ya ng'ambo yake, usizifuate kwa mstari. Na chujio la maji ulisafishe kila safari, si mpaka ukumbuke. Watu nimewaambia mashine inaumwa. Sikusema imekufa.

Mama yako

Kaisho, 6 Julai 2024

Mwanangu,

Hujambo huko? Evaristi kaniambia hedi uliipokea na boti inakimbia. Nimefurahi, ingawa habari za mwanangu nimezipata kwa utingo.

Mimi niko salama. Jumamosi ya kwanza walikuja wote kuipa mashine pole. Ya pili alikuja Sebahire peke yake. Sasa wanakwenda senta, na siwalaumu, watu lazima wale. Nina upweke, Methodius. Nimeliandika hapa kwa sababu kwenye simu tunaulizana uzima tu na salio linaisha.

Kama haitakusumbua, Jumamosi asubuhi nipigie. Usiseme kitu. Weka simu karibu na injini, niisikie.

Mama yako

Bukoba, 15 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wangu. Kila nilipotaka kukushukuru niliona haya, nikasingizia safari. Jumamosi hii saa tatu, kabla ya kung'oa nanga, nitapiga.

Mwanao,
Methodius

Kaisho, 22 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Ulipopiga nilikwenda na simu bandani, nikaifungulia sauti yote, nikaiweka ndani ya lile bakuli la bati la kumiminia nafaka. Bati likaikuza sauti mpaka kuku wakakimbia. Inalia vizuri, ila inakohoa kidogo, angalia nozeli ya mafuta. Nikakaa kwenye benchi, nikafumba macho.

Nilipofumbua, Vero alikuwa mlangoni anahema, muhogo kichwani. Alikuwa anapita njia ya nyuma kwenda senta, akaisikia.

"Waitu, jamani, kumbe imepona," akasema.

Nikamtua mzigo. Akaja, akachungulia ndani ya bati, akaiona simu. Hakucheka. Alikaa, tukasikiliza wote wawili mpaka salio lako likaisha.

Nikampa kahawa ya kutafuna. Tuliongea hadi jua likawa utosini, mambo ya wajukuu wake, ya baba yako, na mengine ambayo hayakuhusu. Kisha akajitwika muhogo wake vile vile, haujasagwa, akarudi kwake.

Jumamosi ijayo, anasema, atauacha nyumbani. Wewe piga.

Mama yako