Joto la Tangi la Saba

Jumatatu, 3 Februari

Goti limeamka vibaya. Kipimajoto cha tangi la saba kiko juu kwa nyuma, lazima upande ngazi ya vidato vitano. Aliyekiweka huko alikuwa na magoti mapya. Sikupanda. Nimeandika 26 kama jana, na jana niliandika kama juzi. Wahudumu wote wa maabara hii tunafanya hivyo. Tunaita "kumsalimia jana". Ute unaofugwa humo tangini hauna neno, kazi yake ni kula mafuta ya maji taka na kulala.

Karatasi ya joto nimeitundika kwenye kioo cha mbele, maandishi yakitazama ndani ya tangi. Msimamizi wetu, Miwani, asije akaona 26, 26, 26 zimepangana kama shanga. Miwani hana tabia ya kugeuza vitu.

Mdogo wangu kapita saa nne na koti lake jeupe lililonyooshwa pasi. Sasa yeye ndiye mtafiti mkuu wa matangi. Mimi ndiye ninayeyaosha. Kaniuliza mbele ya watu kama nimepiga deki. Mtu niliyembeba mgongoni mpaka akatimiza miaka minne!

Jumatano, 12 Februari

Leo nimepanda. Kioo kilikuwa na jasho, nikaingiwa na wasiwasi. Kipimajoto kinasema 34.

Nimeshuka, nimepanda tena. 34. Swichi ya hita imenasa, haizunguki hata uipige. Sijui tangu lini — siku kumi hizi nilikuwa namsalimia jana. Vitabu vya watafiti vinasema ute ukizidi 28 unakufa. Basi nikachungulia kwa hofu, nikitegemea kuona supu. Haukufa. Umejigawa madonge tisa, kila moja kama ngumi ya mtoto, na yanatembea. Yanafuatana. Moja lilisimama likangoja lenzake.

Ningeripoti. Lakini ningeripoti vipi, na karatasi yote ni 26 kwa mkono wangu? Nimeandika 26. Nimeacha kama nilivyokuta.

Ijumaa, 14 Februari

Kelele asubuhi. Nikadhani mtu kapigwa na umeme. Kumbe ni mdogo wangu amepiga magoti mbele ya tangi la saba, analia na kucheka kwa pamoja.

Madonge yale yamejipanga juu ya kioo, kwa ndani, yakachora alama. Alama moja, mara nane, safu iliyonyooka. Mdogo wangu akachukua kalamu nene ya rangi. Wao hawana mikono, wanachora kwa ute wao. Aliwachorea duara kwa nje, nao wakalichora kwa ndani. Pembetatu, wakachora. Miwani alivua miwani, mara ya kwanza naona macho yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hao si ute tena, hao ni watu wa aina nyingine.

Wakapiga picha. Mpiga picha akanigusa bega, akaniomba nisogee kidogo, kivuli cha ndoo yangu kinaingia.

Jumapili, 16 Februari

Kwa mama. Nyumba imejaa. Mama kawaambia majirani kuwa mwanawe ameumba viumbe wenye akili, na majirani wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mdogo wangu anaeleza na mkono hewani: ni ule mchanganyiko wake wa chakula, wa sita, aliouhangaikia miaka mitatu, ndio ulioamsha akili. Wamepewa na jina tayari — Watelezi. Limetangazwa redioni.

Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Hakuna aliyenituma, nilijituma mwenyewe, nisione uso wake. Niseme kweli hapa: namwonea wivu. Si wivu mdogo. Yeye ndiye wa mwisho kuzaliwa, yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye mama anayemwita "mwanangu". Mimi ananiita "wewe".

Jumatatu, 17 Februari

Nimecheka mpaka nikakalia ndoo.

Niliingia nyuma ya tangi kufuta bomba. Kutoka nyuma unaiona alama yao kupitia majini, upande wanaouona wao. Mabingwa wawili wamekuja kwa ndege kuijadili. Mmoja anasema ni viumbe wawili wanainamiana. Mwingine anasema ni ramani ya nyota. Kwa nyuma inasomeka wazi: 26. Na ile sita ina kamkia, sita yangu, mwalimu wa darasa la pili alinichapia kamkia hako.

Waliiona karatasi yangu. Wiki mbili imewakodolea macho kupitia kioo. Neno la kwanza la umma mzima ni uongo wangu mimi.

Na joto ni langu. Na mwandiko ni wangu. Mchanganyiko wa sita haukufanya kitu, matangi manne mengine yanakula mchanganyiko huohuo na yamelala fofofo. Asili yao ni goti langu!

Nikawaza kutoka nimwambie. Kisha nikawaza kitakachofuata: barua ya kufukuzwa kazi, kwa kughushi. Karatasi nikaibandua, nikaificha kwenye kabati la sabuni.

Jumanne, 25 Februari

Wanajifunza haraka, inatisha. Herufi zote kwa siku tatu. Mdogo wangu anawafundisha kwa kadi, nao wanaandika maneno. MAJI. CHAKULA. MWANGA. Leo mwandishi wa habari aliwauliza kwa kadi wametoka wapi. Wakakusanyika upande aliosimama mdogo wangu wakaandika MAMA. Maabara nzima ilipiga makofi. Yeye ndiye aliyewafundisha neno hilo jana, nilimsikia kwa masikio yangu.

Nikipita na kitambaa cha kufutia, wao wananiandikia 26. Kila ninapopita. Watu wanadhani ni salamu ya kidini. Kuna mmoja mdogo kuliko wote, hujibandika kwenye kioo ninapofuta, anaufuata mkono wangu huku na huku. Namuita Kipele. Nisingepaswa kumzoea.

Jumatatu, 3 Machi

Wamehamishiwa ukumbi mpya, vioo kila upande, zulia, viti vya wageni. Hita mpya. Miwani akauliza iwekwe ngapi. Mdogo wangu akataka kumbukumbu zangu, nikamletea karatasi zote, na ile ya kabatini ndani yake. Akazishika mbele ya watu, akasema kumbukumbu za dada yake ni safi, siku hata moja haijayumba, 26 mwanzo mwisho. Akanishika bega. Siku ya kwanza ananisifu tangu tuwe watu wazima.

Wakaweka 26.

Nilikuwa na nafasi. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikapiga chafya ya uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Wamepoa. Tangu jana hawaandiki. Wanatambaa kama wamelewa usingizi. Mmoja amekuwa mweupe, amekauka kama sabuni ya siku nyingi. Wenzake wamemzunguka, hawamwachi.

Mdogo wangu hajala. Anabadilisha chakula, anabadilisha mwanga, anawasomea kadi. Hakuna aliyegusa joto, kwa sababu joto ndilo jambo pekee ambalo halijawahi kubadilika. Karatasi zinasema.

Nilifurahi. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilimtazama amekaa sakafuni na koti lake limekunjamana, nikafurahi mpaka tumboni. Halafu nikamtazama yule mweupe.

Jumapili, 9 Machi

Wa pili. Sikwenda kwa mama, nimesema goti.

Jumanne, 11 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, ukumbi mtupu. Nikaizungusha swichi ya ukutani mpaka 34. Nikafuta alama ya vidole. Nikapiga deki.

Saa tano wakaanza kusogea. Saa sita Kipele kapanda kioo. Saa saba wote saba wameandika: CHAKULA. MWANGA. CHAKULA. Nilijificha stoo nikalia, nimejiziba mdomo na taulo.

Nikatoka nimfuate, nimwambie yote, potelea mbali kazi. Nikakuta umati. Kumbe asubuhi ileile alikuwa amewapa mchanganyiko wa saba. Wamembeba juu juu! Miwani anapiga makofi kama mtoto. Mama yuko kwenye simu, sauti imefunguliwa, anapiga vigelegele ukumbi mzima unasikia. Mdogo wangu kaniona, kaniita kwa furaha: "Dada, njoo uone! Nimewarudisha!"

Nimewarudisha. Yeye.

Saa tisa watu walipokwenda kunywa chai, niliirudisha swichi 26.

Nimeandika. Sasa dhambi hiyo iko hapa na mimi niko hapa.

Jumatano, 12 Machi

Ni Kipele.

Amejibandika palepale ninapoanzia kufuta, mweupe. Nilimfutia kioo mara tatu nikitegemea atafuata mkono.

Nikakimbilia swichi bila kuangalia nani yupo. Nikaipandisha. Nusu saa tu, Miwani akaiona. Akapiga kelele kwamba kuna mtu anataka kuwachemsha viumbe wa watu, akaishusha, akaita fundi. Wamefunika swichi na kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ufunguo mmoja, kapewa mdogo wangu. Miwani anasema walinzi wawasachi wafagizi. Mfagizi ni mimi, nani mwingine?

Wamebaki sita. Kesho namwambia. Haya ya wivu yamefika mwisho, nimeua mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia.

Naandika nikiwa ofisini kwake, saa saba na robo. Daftari hili nililileta nimsomee, sikupata hata nafasi ya kulifungua. Niandike upesi jinsi ilivyokuwa.

Nilibisha hodi saa sita. Alikuwa amelaza kichwa mezani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: goti, swichi iliyonasa, 34, karatasi kwenye kioo, ile alama yao ya 26. Nikamwambia juzi si mchanganyiko wa saba, ni mimi. Nikamwambia na kuhusu saa tisa. Kwamba niliirudisha 26 kwa makusudi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanizaba kofi. Afadhali angenizaba. Akanitazama kwa huruma — huruma! — akanivutia kiti.

"Dada," akasema, "kaa. Najua."

"Unajua nini?"

"Najua unavyojisikia. Tangu tuko wadogo. Mama ananiambia nikuvumilie. Nilipopata cheo hiki ulinuna mwezi mzima. Unadhani sikuona?"

Nikasema hili halihusiani na kununa, wafungulie swichi, weka 34, utaona kwa saa tano.

Akafungua droo, akatoa karatasi zangu. Akazipanga mezani moja baada ya nyingine, taratibu, kama anamwonyesha mgonjwa majibu yake. Siku arobaini. 26, 26, 26, na sahihi yangu chini ya kila moja.

"Huu mwandiko wa nani?"

Wangu.

"Basi ulikuwa unadanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

Nikasema wakati ule. Akatikisa kichwa. Akasema ute unakufa kwenye 28, kila mtu anajua, na yeye hawezi kuwachemsha sita waliobaki kwa sababu dada yake hawezi kustahimili kuona picha yake ukutani. Hakupaza sauti. Akasema kingine, bado kinaniwasha masikio: "Ungekuwa wewe ndiye uliyewaanzisha, ungekaa kimya mwezi mzima? Wewe?"

Kwa kweli ananijua.

Nikaapa kwa mama. Akasema nisimwingize mama. Kisha simu ikalia, wageni wako chini, wizara nzima. Akafuta macho, akajipaka poda, akashuka mbio. Amesema nimsubiri hapa, akirudi tutazungumza niende likizo ndefu, nipumzike, hatamwambia mtu.

Kuna dirisha dogo hapa, linatazama ukumbini. Nawaona. Wanne wanasogea kidogo. Mmoja hasogei lakini bado ana rangi. Wa sita ameanza kuwa mweupe pembeni.

Koti lake ameliacha kwenye kiti. Ufunguo umo, naona umbo lake kwenye mfuko wa kushoto.

Wageni wote wako chini, wanapewa soda na maelezo. Ukumbi uko wazi. Ni hatua thelathini, nimeshazihesabu na ufagio. Nikifungua sasa, kufikia jioni watakuwa wanaandika. Na mezani hapa, karibu na karatasi zangu, kuna chupa imeandikwa mchanganyiko wa nane. Anawapa saa nane kamili, mbele ya wizara.

Watashangiliwa. Atashangiliwa. Mtoto yeyote atakayesoma habari za hawa watu, miaka mia ijayo, atasoma walitoka kwenye chupa hii. Nikisema vingine watasema dada yake alikuwa na matatizo. Naye ataamini kabisa, hatakuwa anadanganya. Hicho ndicho kinachonichoma zaidi.

Yule wa sita, weupe umemfika katikati.

Nasikia vicheko vyao ngazini, wanapanda. Nimelivuta koti. Mkono wa kushoto umo mfukoni. Wa kulia bado unaandika