Amina Kabla ya Prosesa

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Huku Buhongwa Bwana ametutunza. Bibi yako karudi salama kutoka Sengerema.

Unauliza kama ubadilishe mwenyewe prosesa, ule ubongo wa kompyuta yako kuukuu. Nami niliwahi, kwenye kompyuta pekee ya steshenari yetu, iliyokuwa ikitulisha. Nikiwa nimeishika prosesa juu ya nafasi yake, nilifumba macho nikaomba. Kufika amina, mkono umeshuka, vijipini viwili vya chini yake vimepinda. Bibi yako akaniletea sindano ya kushonea.

"Baba Joyce, Mungu ameshasikia. Sasa fumbua macho."

Nikavinyoosha taratibu kwa ncha ya sindano. Nikaipachika, tukabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Kisha ikawaka.

Badilisha tu, mama. Ila ukishasema amina, ndipo uishike.

Babu yako anayekuombea.