Leseni Yako Ukutani

Papa wangu mpendwa,

Nakuandikia hapa kwenye meza yako ya foni, mbele ya redio ileile ya mawasiliano uliyoitia mabwato ya Kalemie yakiwa ziwani miaka yote. Kiti nimebadilisha, chako kilivunjika mguu. Leseni yako tu sikuigusa, na hiyo ndiyo imenitia matatani.

Unakumbuka siku nilipofaulu mtihani? Nilizunguka bandari nzima nikionyesha watu leseni yangu ndogo, wewe ukacheka mpaka ukakohoa. Halafu ukanikalisha. "Mwanangu, hii ya kwako ni ya kusema. Bonyeza, sema, sikiliza, andika, basi. Yangu njo inaruhusu kufungua mashine, kutengeneza, na kusaini kama redio ya bwato ni nzima. Usichanganye." Nilikununia siku mbili. Macho yako yalikuwa yameshachoka, nyaya nilikuwa nachomea mimi. Lakini hukusaini kamwe kabla ya kuishika redio na kuitikisa kama mama anayepepeta mchele, kisha kuita tena. Ulisema ziwani mashine haikai imetulia, mawimbi yanaitikisa.

Ulipofariki, watu waliendelea kuingia, wanatazama leseni yako ukutani, wanatulia. Mhuri wako nao ulibaki kwenye droo. Mwenye leseni kubwa mwingine yuko mbali, Lubumbashi.

Basi akaja Mama Zawadi, mwenye mabwato mawili ya kwenda Moba. Redio ya moja imekufa, abiria wameshapanda. "Tia tu mhuri ya Papa yako," akaniambia. "Muntu gani atajua?" Papa, nilifurahi kuombwa, sikufichi. Nikafungua redio, nikachomea waya uliokatika, nikaita, ikaitika. Nikatia mhuri wako. Kuitikisa sikuitikisa, nahodha alikuwa ananiharakisha.

Injini ya bwato ilizimika katikati ya ziwa, na redio ilikuwa imeshanyamaza. Siku mbili nilikuwa naita. Moba wananijibu, "Hatujaliona." Wake za abiria walikaa hapa chini sakafuni wakinitazama mdomo. Siku ya tatu asubuhi wavuvi walilivuta hadi bandarini, watu wote wako hai, midomo imepasuka kwa jua. Nikafungua redio peke yangu. Waya niliochomea ulikuwa umebanduka.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama Zawadi alinikumbatia, akasema redio ni redio, inakufa. Jana alirudi kwa ajili ya bwato la pili. Anataka mhuri tena.

Naona haya, Papa. Na nimekukasirikia pia, wacha niseme. Kila nilipokuomba unipeleke kwenye mtihani wa leseni kubwa, ulinijibu mwaka kesho, mwaka kesho. Ulipenda niwe mkono wako. Sasa umeniachia kazi ninayoijua bila ruhusa ya kuifanya, na jina lako nimelichafua mimi niliyelibeba.

Leo asubuhi nimeishusha leseni yako. Nitaipeleka biro, kwa wanaotoa leseni, pamoja na mhuri, niseme nani alisaini. Najua watachukua na yangu ndogo, na sijui nitakuwa nani nisipoketi hapa.

Kabla ya kukuandikia haya, niliwasha foni. Bwato la pili la Mama Zawadi lilikuwa linapakia, nikamwambia nahodha asing'oe nanga, redio yake haijakaguliwa na mwenye ruhusa. Akasema lakini ile nyingine ina mhuri wa Papa. Mabwato yote yalikuwa yanasikia. Nikabonyeza. Nikasema Papa amekufa, mhuri ni wake, mkono ulikuwa wangu.

Nikaachia kitufe, nikasikiliza. Halafu yule mzee wa foni ya Moba, rafiki yako, akaitika kwa sauti ya chini: "Nakusikia, mwanangu. Endelea."

Pumzika, Papa. Jina lako nimelirudisha.

Binti yako wa leseni ndogo